Mapato na Matumizi: Daftari la Mama na Serikali Anayoitarajia

Mama yangu ana daftari la kurasa 96 ambalo jalada lake limekwisha chakaa, na ndani yake ameandika kila mchango alioutoa kijijini tangu mwaka 2011: tofali, mawe, fedha za saruji, fedha za fundi, pamoja na siku alizokwenda kuchota maji ya kujengea. Stakabadhi alizopewa amezibana kwa pini kwenye ukurasa unaohusika, na pale ambapo hakupewa stakabadhi ameandika jina la aliyezipokea fedha na kitongoji anachotoka. Sehemu kubwa ya michango hiyo ilikwenda kwenye jengo moja, zahanati ya kijiji, ambayo kuta zake zilifika usawa wa linta mwaka 2013 na kubaki hivyo bila paa kwa zaidi ya miaka kumi. Ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia umeota mpapai, na watoto wa jirani huchuma mapapai yake.

Nimelifikiria sana daftari hilo tangu uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika hapa Tanzania Novemba 27, 2024. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 ulipokaribia, wanaotaka kugombea walianza kutuambia tena kwamba wanajua tunachokitaka, hivyo niliona niandike kile ninachoamini kwamba mpiga kura wa kawaida anakidai. Barabara anaitaka, maji anayataka, dawa anazitaka, na hakuna kiongozi asiyeyajua hayo, kwa kuwa yamo katika kila ilani. Kinachokosekana katika hotuba nyingi ni dai linalotangulia hayo yote, ambalo kijijini kwetu lina jina lake la siku zote: kusomewa mapato na matumizi. Mtu aliyetoa fedha yake, au nguvu zake, au kura yake, anataka kuelezwa ilikokwenda, tena aelezwe na mtu ambaye anaweza kumwuliza swali la pili.

Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao wengi tuliujua kwa kifupi chake cha MMAM, wenye shabaha ya kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Mapatano yalikuwa wazi: wananchi wainue boma kwa nguvu zao, kisha halmashauri ije kupaua, kumalizia, na kuleta wahudumu na vifaa. Watu wa kwetu hawakuyaona mapatano hayo kuwa mzigo, kwa sababu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ulikuwapo kabla ya serikali yoyote tunayoifahamu. Nyumba ya mjane, mfereji wa maji na njia ya kwendea kisimani vilitengenezwa hivyo hivyo. Akina mama walibeba mawe kutoka mtoni, vijana walifyatua tofali, na asiyeweza kazi alitoa fedha. Upande wetu tuliutimiza.

Kuchelewa peke yake hakukuwaumiza watu kiasi hicho. Wakulima wanajua kungoja. Anayepanda mchungwa hategemei kuvuna mwaka ule ule. Kilichowaumiza ni kwamba katika miaka yote hiyo hakusimama mtu katika mkutano wa kijiji na kusema kwamba fedha ya kupaua iliombwa mwaka fulani, ikapatikana kiasi fulani, au haikupatikana kwa sababu fulani. Kama wangeambiwa kwamba fedha za mwaka ule zimeelekezwa kwenye madarasa kwa kuwa watoto wanaoingia kidato cha kwanza wameongezeka, mama yangu angeelewa mara moja, maana mjukuu wake mwenyewe alikuwa miongoni mwa watoto hao. Badala yake palikuwa na kimya, na kila baada ya miaka mitano kimya hicho kilivunjwa na mtu aliyeshuka kwenye gari, akalitazama boma, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akaahidi.

Kazi yangu ni ya uhasibu, na jambo nililojifunza kwa miaka yangu yote kazini ni kwamba hesabu yenye upungufu husameheka ikielezwa, lakini hesabu isiyosomwa huzaa tuhuma hata kama hakuna senti iliyopotea. Huenda hakuna aliyekula fedha ya zahanati yetu. Mimi mwenyewe nina mwelekeo wa kuamini kwamba haikuliwa, bali haikutengwa. Lakini nenda kijijini ukawaulize watu, nao watakuambia kwamba imeliwa, na watakutajia walioila. Huwezi kuwalaumu kwa kuamini hivyo, kwa sababu mahali ambapo maelezo hayatolewi, uvumi ndio unaotoa hesabu.

Haki ninayoizungumzia hapa haikubuniwa na mama yangu. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 8, inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kwamba lengo kuu la Serikali litakuwa ni ustawi wa wananchi, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 146 inaeleza kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 inashuka mpaka chini ya mwembe wa kijiji: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu sera za mambo ya kijiji, na unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mara nne kwa mwaka, basi, mwanakijiji wa Tanzania ana haki ya kukaa mbele ya viongozi wake na kuwauliza. Sijui kama kuna haki nyingine ya kiraia iliyo karibu zaidi na mlango wa mtu kuliko hiyo.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1972, halmashauri zilipovunjwa na shughuli zake kuhamishiwa kwa watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani, wanaijua thamani ya sheria hiyo kuliko sisi. Jina la mfumo ule lilikuwa madaraka mikoani, lakini madaraka hayo yalishikwa na maofisa ambao mwanakijiji hakuwachagua wala hakuwa na njia ya kuwaondoa. Halmashauri ziliporejeshwa rasmi mwaka 1984, nchi ilikuwa imekiri kwa vitendo kwamba huduma isiyosimamiwa na mtumiaji wake haidumu. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mikutano ya vijiji ni mambo madogo ya kiutawala yasiyostahili kujadiliwa wakati wa uchaguzi, mimi humwona amesahau kilichotufikisha kwenye sheria hiyo.

Ugumu mmoja unatoka kwenye mfumo wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji tunamchagua sisi, lakini mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye anayetunza vitabu vya fedha na kuandika muhtasari, ameajiriwa na halmashauri. Diwani tunamchagua sisi, lakini mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kusaini, ameteuliwa. Mbunge tunamchagua sisi, lakini ofisi yake, kwa macho ya mwanakijiji, iko Dodoma. Mpiga kura anajua vizuri anayeweza kumwondoa, na anajua pia kwamba jibu analolitafuta liko kwa mtu mwingine. Anachokitegemea kutoka kwa aliyemchagua ni kwamba atasimama katikati na kuuliza kwa niaba yake, bila kuona haya na bila kuogopa. Kila mwezi Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni, magazeti huandika mabilioni, na halmashauri hutajwa kwa hati zake, inayoridhisha au yenye shaka. Sijawahi kusikia diwani akichukua kurasa zinazoihusu halmashauri yake na kuzisoma kwenye mkutano wa kata. Kama yupo aliyefanya hivyo, ningependa sana kumpa mkono.

Watu wengi huchukulia kwamba mwananchi hapendi kodi, na mwaka 2021 dhana hiyo ilirudiwa sana. Tozo za miamala ya simu zilianza kukatwa Julai 15 mwaka ule, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ya mwaka ule ule zilipunguzwa kwa asilimia 30. Mimi nilikuwa nikimtumia mama fedha ya dawa za shinikizo la damu kila mwezi, hivyo makato niliyaona kwa macho yangu, na kwa mtu anayeishi kwa kutumiwa fedha na wanawe makato yale hayakuwa kitu kidogo. Lakini nilipomsikiliza mama kwa makini, hakusema kwamba hataki kuchangia. Alisema, "Mwanangu, mimi nimechangia tangu ujana wangu. Nionyeshe tu bati moja lililonunuliwa kwa hela hii." Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zingejenga vituo vya afya kwenye tarafa na madarasa, na majengo hayo yalijengwa kweli katika sehemu nyingi za nchi; hilo lazima lisemwe kwa haki. Ila mtu aliyesimama kwenye kibanda cha wakala, akiwa na ujumbe wa makato kwenye simu yake, hakuwa na namna ya kuliunganisha kato lile na jengo lolote analolijua. Taarifa ya namna hiyo, ya tarafa kwa tarafa, ingepaswa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata kabla ya mtu kuuliza.

Shuleni hali ni ya namna hiyo hiyo. Tangu Januari 2016 ada imefutwa kuanzia elimu ya awali mpaka kidato cha nne, zile shilingi 20,000 za shule za sekondari za kutwa na 70,000 za bweni, na serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Ni jambo kubwa, na familia ninazozijua mimi zilisomesha mabinti ambao wasingevuka darasa la saba. Kisha yakaja ya mlinzi, ya uji, ya mitihani ya majaribio, ya dawati, mpaka Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Wazazi wa kijijini kwetu hawakatai uji. Ni watoto wao wanaosinzia kwa njaa saa nne asubuhi. Wanachokikataa ni mchango unaoitwa wa hiari huku mtoto wa asiyetoa akirudishwa nyumbani, na ruzuku ambayo kiasi chake hakijabandikwa mahali popote ambapo mzazi anaweza kukisoma. Mwalimu mkuu anayeibandika karatasi ya ruzuku kwenye ubao, akaonyesha kwamba haitoshi kwa kiasi hiki, hupata mchango wake bila ugomvi. Nimewahi kumwona mmoja akifanya hivyo, na wazazi walichangia zaidi ya walichoombwa.

Liko pia suala la lugha, ambalo kwa wazee ni zito kuliko tunavyodhani sisi tuliozoea foleni za mjini. Sera ya afya ya mwaka 2007 iliwapa wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo matibabu bila malipo, na karibu kila mzee anajua hivyo. Anapofika dirishani na kukuta dawa hazipo, anaweza kuvumilia akiambiwa, "Shikamoo mzee wangu, dawa hii imekwisha, tumeagiza, jaribu kupita Alhamisi." Asichoweza kuvumilia ni kutupiwa karatasi na kuambiwa akanunue dukani, bila hata kutazamwa usoni. Kwake yeye yule kijana wa dirishani ndiye serikali, na heshima aliyonyimwa pale hairudishwi na hotuba yoyote.

Najua kuna wanaojibu kwamba mpiga kura wa Tanzania hana muda na hesabu, anachokitaka ni kanga, fulana na pilau. Maneno haya hunikera, nami nitayajibu kwa ninachokijua. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ni Mahakama Kuu iliyosema mwaka 2006 kwamba kifungu hicho kilikwenda kinyume cha Katiba, baada ya watetezi wa haki za raia kukipinga. Shangazi yangu ana kanga za vyama vitatu na huzivaa zote bila ubaguzi, kwa sababu kanga ni kanga. Nilipomwuliza kwa nini huzipokea alinijibu kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho ana uhakika wa kukipata kabla gari halijaondoka. Mtu wa namna hiyo hajauza kura yake. Amepiga hesabu yake sawasawa kutokana na uzoefu wa miaka 30, na kama tunataka abadilishe hesabu hiyo itabidi tubadilishe uzoefu wenyewe.

Ushahidi ninaouthamini zaidi kuhusu wanachokitaka wananchi ni ule uliokusanywa pale walipoulizwa bila mgombea kuwapo jukwaani. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Sinde Warioba ilizunguka nchi kuanzia mwaka 2012, na watu walisimama mbele ya kipaza sauti, mmoja mmoja, wakasema. Nilihudhuria mkutano mmoja kati ya hiyo, nami bado namkumbuka mzee aliyeuliza kwa upole kwa nini yeye anaweza kumwachisha kazi mfanyakazi wake wa shamba akizembea, lakini hawezi kumgusa mbunge wake mpaka miaka mitano iishe. Rasimu ya pili, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilimjibu mzee yule: ilitaka wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha, na ilitaka mbunge asizidi vipindi vitatu. Bunge Maalumu la mwaka 2014 liliyaondoa yote mawili, na kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, ambayo ilipangwa Aprili 30, 2015, iliahirishwa na haijafanyika mpaka leo. Katiba tuliyonayo inamvua mbunge kiti chake akiachana na chama kilichompeleka bungeni. Akiachana na waliompigia kura, hakuna kifungu kinachomgusa. Kila ninapolitafakari hilo naona kwamba tulishaulizwa tunachokitaka, tukajibu vizuri, na jibu letu limehifadhiwa kabatini.

Mwezi wa pili mwaka 2025 nilikwenda kijijini kumsalimu mama, nikakuta mbiu imepigwa ya mkutano mkuu, wa kwanza tangu mwenyekiti mpya aapishwe. Tulikaa kwenye uwanja wa shule, akina mama kwenye mikeka upande wa kivuli, wanaume wamesimama kando ya mti kama kawaida yao. Mtendaji, kijana ambaye hajamaliza hata mwaka kijijini, alisoma mapato na matumizi ya robo mwaka kutoka kwenye karatasi moja na nusu. Mapato yalikuwa kidogo mno: ushuru wa mnada, faini mbili za mifugo iliyoingia mashambani, na fedha iliyorudi kijijini kutoka halmashauri. Niliangalia huku na huku nikitegemea watu waanze kuondoka, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kiasi chenyewe hakikutosha hata kununua bati za chumba kimoja. Hakuondoka mtu. Mzee mmoja aliomba kipengele cha saruji kirudiwe, mtendaji akakirudia, na mzee akasema ahsante na kukaa.

Ndipo mama yangu aliponyanyuka na daftari lake. Alimwamkia mwenyekiti kwa cheo chake, ingawa alimlea akiwa mtoto, kisha akauliza kuhusu michango ya zahanati tangu mwaka 2011 mpaka 2013, akataja jumla ya alichokitoa yeye mwenyewe na idadi ya stakabadhi alizonazo. Mwenyekiti hakukasirika. Alisema kwamba vitabu vya miaka ile hakukabidhiwa, kwamba hatasema asichokijua, na akamwomba mtendaji aandike swali hilo kwenye muhtasari ili aliulize halmashauri kwa barua na alete majibu mkutano ujao, hata kama majibu yenyewe yatakuwa kwamba hakuna fedha. Watu walipiga makofi, si mengi, ya kiasi.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa mwezi wa tano. Usiku ule, kwa mwanga wa taa ya sola, mama alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe ya mkutano, jina la mwenyekiti na swali lake kama lilivyoingizwa kwenye muhtasari, kisha akaruka mistari mitano ya jibu kabla ya kuandika mchango wa siku ile, ambao ulikuwa shilingi 2,000 za kununulia ubao wa matangazo.